Masomo ya uzamili: Karo ni nusu tu ya safari

JIONI ya Ijumaa, magari mengi ya abiria yanayofika Riruta huwa yamejaa watu wanaorejea nyumbani baada ya kazi ya juma zima. Hata hivyo, wapo wachache wanaosubiri magari ya kuondoka, mikononi wakiwa na mikoba ya vitabu na tarakilishi. Hawa ni walimu, wauguzi, wahasibu na watumishi wa umma wanaoelekea katikati ya jiji, au katika mabewa yaliyo upande wa Kabete na Kikuyu, kuhudhuria masomo ya shahada ya uzamili.

Aghalabu mwanafunzi wa aina hii hujilipia masomo mwenyewe. Karo ya muhula anaijua hadi shilingi ya mwisho, kwa kuwa imeandikwa katika barua ya kumkaribisha chuoni. Asichokijua, na ambacho hakuna barua inayomweleza, ni kiasi cha fedha kitakachomfikisha siku ya mahafali.

Matokeo ya kutojua huko yanaonekana katika takriban kila chuo kikuu nchini. Wapo wanafunzi waliohudhuria mihadhara yote na kupita mitihani yote, lakini tasnifu imekwama kwa kukosa nauli ya kwenda kukusanya data, karo ya muhula wa ziada au ada ya kuchapisha makala. Fedha walizokwisha kulipa haziwezi kurudi, na shahada waliyoilipia hawana. Mbele ya mwajiri, aliyefika nusu ya njia na ambaye hakuanza kabisa hawana tofauti.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye nia ya kusomea uzamili au uzamifu halipaswi kuwa ‘Nitaipata wapi karo ya kuanzia?’ bali ‘Nitaipata wapi fedha ya kumalizia?’

Gharama zisizoandikwa katika barua

Chukulia mfano wa mwalimu anayeishi Riruta Satellite na ambaye chuo kimemwambia kuwa karo ya miaka miwili ni Sh300,000. Viwango halisi hutofautiana sana kati ya chuo na chuo na kati ya kozi na kozi, na vinaweza kubadilika. Mnamo 2021, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipandisha karo ya kozi nyingi za uzamili, hatua iliyozua malalamiko ya wanafunzi. Hesabu ifuatayo ni ya kuonyesha njia tu, na kila mmoja anaweza kuijaza kwa tarakimu zake.

Akisafiri kwenda chuoni na kurudi mara tatu kwa juma kwa nauli ya Sh200 kwa siku, atatumia Sh9,000 katika muhula wa majuma 15. Kwa mihula minne hiyo ni Sh36,000. Intaneti, kunakili, kupiga chapa na chakula cha jioni vikimgharimu Sh2,500 kwa mwezi, miaka miwili itameza Sh60,000. Utafiti wa nyanjani, pamoja na nauli, malazi, malipo ya wasaidizi na ada za vibali, atautengea Sh80,000. Kuchapisha makala, kujalidi tasnifu na gharama za mahafali ni Sh25,000 nyingine. Iwapo atachelewa kwa muhula mmoja tu, huenda akatozwa Sh40,000 zaidi.

Jumla ni Sh541,000. Karo iliyoandikwa katika barua ni zaidi kidogo ya nusu ya gharama yote.

Baadhi ya gharama hizo haziepukiki kwa sababu ni matakwa ya kanuni. Kabla ya kukusanya data, mtafiti hupaswa kuwa na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), ambayo afisi zake ziko Upper Kabete, kando ya Waiyaki Way. Anayefanya utafiti kuhusu binadamu huhitaji pia idhini ya kamati ya maadili, na kamati hizo hutoza ada. Aidha, miongozo iliyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) mwaka 2014 ilimtaka mwanafunzi wa uzamili achapishe walau makala moja katika jarida la kitaaluma, na wa uzamifu makala mbili. Majarida mengine huchapisha bila malipo, mengine hutoza fedha nyingi, na mengine ni ya kilaghai. Asiyepanga mapema huishia kulipa kwa haraka pale ambapo angeweza kusubiri na asilipe chochote.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya ujuzi wa fedha ni kwenda katika idara husika kabla ya kujisajili na kuuliza mambo matatu: orodha kamili ya ada zisizo za mafunzo, kiasi kinachotozwa kwa kila muhula wa ziada, na muda ambao wanafunzi wa kozi hiyo huchukua kwa kawaida hadi kuhitimu. Jibu la swali la tatu mara nyingi ndilo lenye uzito zaidi.

Mifuko mingi, shahada moja

Tatizo la kutafuta fedha za masomo ya juu si geni Riruta. Eliud Mathu, aliyezaliwa eneo hili mwaka 1910, alilazimika kwenda Fort Hare, Afrika Kusini, na baadaye chuo cha Balliol katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kwa kuwa wakati huo Kenya haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mnamo Oktoba 1944 aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni la Kenya.

Mpango rasmi wa mikopo ulikuja baada ya hapo. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha hazina ya kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma katika vyuo vikuu vya nje ya Afrika Mashariki, yakiwemo mataifa ya Uingereza, Marekani, India na Afrika Kusini. Mkopo huo ulihitaji dhamana: hatimiliki ya ardhi, hati ya bima au wadhamini walioandika ahadi. Familia isiyokuwa na kimojawapo ilibaki kutegemea michango ya jamaa na majirani.

Maisha ya Profesa Wangari Maathai yanaonyesha vyema jinsi safari ndefu ya elimu inavyojengwa kwa fedha kutoka pande mbalimbali. Mwaka 1960 alikwenda Marekani kwa ufadhili uliotokana na jitihada za akina Tom Mboya za kuwapeleka vijana wa Kenya ng'ambo, akasomea shahada ya kwanza katika jimbo la Kansas. Shahada ya uzamili aliisomea Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa ufadhili wa shirika jingine. Aliporejea nchini alipata kazi ya usaidizi katika idara ya anatomia ya wanyama jijini Nairobi, akapata nafasi ya kufanya utafiti Ujerumani, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamifu huku akiwa tayari mwajiriwa wa chuo. Kila daraja lilikuwa na mfadhili wake, na daraja la mwisho lilifadhiliwa kwa sehemu kubwa na kazi.

Funzo hilo lingali na uzito hadi leo. Mwanafunzi anayesubiri mfadhili mmoja atakayelipa kila kitu huenda akasubiri miaka mingi. Anayeigawa safari yake katika vipande, yaani karo, maisha, utafiti na uchapishaji, huweza kutafuta fedha za kila kipande mahali pake.

Mikopo ya HELB

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), yenye afisi katika jumba la Anniversary Towers jijini Nairobi, iliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1995. Wengi huifahamu kwa mikopo ya shahada ya kwanza, lakini pia imekuwa ikitoa mikopo kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu, na katika miaka kadhaa imetoa ufadhili usiorejeshwa kwa wachache waliofuzu. Viwango na masharti hutegemea bajeti ya mwaka husika, kwa hivyo ni busara kuyasoma upya kila mwaka badala ya kutegemea simulizi za waliotangulia.

Kuna jambo moja ambalo mwombaji hapaswi kulipuuza. Wengi wanaoingia katika uzamili wangali wanadaiwa mkopo wa shahada ya kwanza. Mkopo huo hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na hupaswa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kukamilisha masomo. Anayekiuka hutozwa faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi. Katika muda wa mwaka mmoja faini hiyo hufika Sh60,000, fedha ambazo zingetosha kulipia sehemu kubwa ya utafiti wa nyanjani. Dawa ya deni ni kulipa, na asiyeweza kulipa kiasi kizima anashauriwa kuiendea bodi na kukubaliana nayo kuhusu malipo anayoyamudu, kuliko kunyamaza huku deni likiota mizizi.

Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, iliyoanzishwa mwaka 2003, imewafaa zaidi wanafunzi wa shule za upili, vyuo vya ufundi na shahada ya kwanza. Mkazi wa Dagoretti Kusini anayesomea uzamili anaweza kuuliza, lakini asiijenge bajeti yake juu ya basari hiyo.

Ufadhili ulio karibu na nyumbani

Wengi wanapolisikia neno ‘ufadhili’ hufikiria ndege. Hata hivyo, Nairobi ni miongoni mwa miji ya Afrika yenye asasi nyingi za utafiti, na baadhi yake ziko mwendo mfupi kutoka Riruta.

Anayeifuata Barabara ya Naivasha hadi Uthiru hufika kwenye makao makuu ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI). Huko, na katika bewa la Upper Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi lililo jirani, miradi ya kilimo, mifugo na afya ya wanyama huwapokea wanafunzi wa uzamili na uzamifu wanaoandika tasnifu kutokana na kazi ya mradi. Kasarani, upande wa pili wa jiji, kuna kituo cha icipe cha utafiti wa wadudu, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mpango wake wa ARPPIS umekuwa ukiwafunza wanafunzi wa uzamifu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1983.

Kwa wanauchumi, kuna muungano wa utafiti wa kiuchumi barani Afrika, AERC, ulioanzishwa mwaka 1988 na wenye makao makuu Nairobi. Muungano huo umefadhili wanafunzi wengi wa uzamili na uzamifu kupitia vyuo washirika. Kwa wahadhiri wanaotafuta uzamifu katika masuala ya afya ya umma na idadi ya watu, upo mpango wa CARTA ulioanzishwa 2008, ambao huwalenga wafanyakazi wa vyuo vikuu wanachama, Nairobi na Moi vikiwemo. Juja, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika ambayo Umoja wa Afrika huitumia kuwafadhili wanafunzi wa sayansi na teknolojia.

Serikali nayo iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti (NRF) kwa sheria ya mwaka 2013. Hazina hiyo hutangaza nafasi kwa vipindi, na baadhi ya matangazo yake yamewajumuisha wanafunzi wa uzamili na uzamifu wanaohitaji fedha za utafiti pekee. Fedha za aina hii ndizo zinazomwokoa mwanafunzi aliyekwama mwishoni.

Njia isiyotangazwa magazetini ni ile ya kuanzia kwa msimamizi. Wahadhiri wengi wana miradi iliyofadhiliwa, na bajeti ya mradi aghalabu huwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja au wawili. Mwanafunzi anayeamua mada yake peke yake, kisha akatafuta msimamizi na baadaye fedha, hupitia njia ndefu. Anayesoma kwanza kazi za wahadhiri wa idara, akajua nani anatafiti nini na kwa fedha za nani, huweza kupata mada, msimamizi na fedha kwa pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ufadhili wa ng'ambo na kalenda yake

Kwa wanaotazama mbali, baadhi ya milango inajulikana. Shirika la Ujerumani la DAAD limekuwa na afisi Nairobi tangu 1973, na mbali na kuwapeleka wanafunzi Ujerumani, huwafadhili pia wanaosoma katika vyuo vya kanda hii. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioasisiwa mwaka 1959, huwachukua wanafunzi wa uzamili na uzamifu kwenda Uingereza. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipia mwaka mmoja wa uzamili. Mwombaji huhitaji uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na takriban miaka miwili, na hutakiwa kurejea nyumbani kwa walau miaka miwili baada ya masomo.

Kinachowaangusha wengi hapa ni kalenda wala si akili. Maombi ya Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba, ilhali masomo huanza Septemba ya mwaka unaofuata. Anayetaka kuondoka mwaka ujao anapaswa kuwa na nakala za matokeo, pasipoti na watu wa kumpendekeza tayari mwaka huu. Barua ya mapendekezo iliyoombwa siku tatu kabla ya makataa huandikwa kwa haraka, na wanaoamua huitambua mara moja.

Ni vyema pia kutofautisha kati ya masomo yasiyo na karo na masomo ya bure. Vyuo vingi vya umma nchini Ujerumani havitozi karo, lakini mwanafunzi asiye na mfadhili hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu. Kiwango kilichoanza kutumika Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, zilizowekwa katika akaunti maalumu kabla ya kupewa viza.

Aidha, hakuna mfadhili wa milele. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya kigeni, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limesita kuwa shirika linalojitegemea. Miradi mingi ya afya na utafiti nchini Kenya iliathirika. Mwanafunzi ambaye tasnifu yake inategemea mradi mmoja anapaswa kujua tangu mwanzo ni data gani anayoweza kuitumia iwapo mradi utafungwa kabla ya wakati.

Tahadhari dhidi ya walaghai

Palipo na kiu ya masomo hapakosi wanaouza maji ya mazigazi. Kanuni rahisi ni hii: mfadhili wa kweli humpa mwanafunzi fedha, hamwombi. Wakala anayetaka ‘ada ya kushughulikia ufadhili’ kupitia nambari ya simu ya mtu binafsi anapaswa kuepukwa, hata akiwa na afisi ya kuvutia katikati ya jiji.

Hata mpango wenye sura ya kiserikali unahitaji kuchunguzwa. Mnamo 2023 wazazi katika Kaunti ya Uasin Gishu waliandamana wakidai fedha walizokuwa wamelipa kupitia mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Canada, baada ya wengi kukosa kusafiri na baadhi ya waliosafiri kujikuta wakidaiwa karo. Mambo hayo yaliishia mahakamani. Njia salama ni kuwasiliana moja kwa moja na chuo kinachotajwa, na kulipa karo kwenye akaunti ya chuo chenyewe.

Deni nafuu na deni ghali

Si kila deni ni baya. Linaloumiza ni deni ghali linalotumiwa kulipia kitu cha muda mrefu. Wanafunzi wengi wanaojilipia hukimbilia mikopo ya simu wakati wa mitihani, kwa kuwa hupatikana kwa dakika chache na bila mdhamini.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tofauti. Mkopo wa simu wa Sh30,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 humgharimu mkopaji Sh2,250 kwa mwezi mmoja. Akishindwa kuurejesha na kuendelea kulipa ada hiyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa Sh27,000, na Sh30,000 za awali zingali zinadaiwa. Chama cha ushirika wa akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua kitamtoza, kwa mkopo ule ule ukilipwa kwa awamu 12 zilizo sawa, riba ya Sh1,950 kwa mwaka wote. Riba ya mwaka mmoja katika chama ni ndogo kuliko ada ya mwezi mmoja kwenye simu. Ndiko kukopa harusi na kulipa matanga walikosema wahenga.

Sharti la chama cha ushirika ni subira. Vyama vingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, na humtaka awe na wadhamini. Anayeweka Sh6,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo atakuwa na akiba ya Sh72,000, ambayo kwa kipimo hicho inaweza kumwezesha kukopa hadi Sh216,000. Kwa maneno mengine, mwaka mmoja wa kuahirisha masomo unaweza kuwa mwaka wa kuyaokoa. Ni muhimu kuhakikisha kuwa chama kimo katika orodha ya vyama vilivyoidhinishwa na mamlaka ya SASRA, iliyoundwa chini ya sheria ya vyama hivyo ya mwaka 2008. Vilevile, tangu 2022 wakopeshaji wa kidijitali hutakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, ambayo hutangaza majina ya waliopewa.

Jambo jingine ni rekodi ya mikopo. Kila mteja ana haki ya kupata ripoti moja bila malipo kwa mwaka kutoka kwa mashirika ya marejeleo ya mikopo. Kuisoma kabla ya kuomba mkopo wa masomo humwezesha mtu kurekebisha kosa mapema.

Mali bila daftari

Aliyepata ufadhili naye hajaepuka kazi ya kupanga. Posho nyingi hutolewa kwa mkupuo, mara moja kwa muhula, na mara nyingi huchelewa. Anayepokea fedha za miezi minne kwa siku moja hujiona tajiri, na mwezi wa tatu hujikuta akiomba nauli. Dawa yake ni kuzigawa fedha hizo siku ile ile zinapoingia: sehemu ya mwezi huu katika akaunti ya matumizi, zilizosalia mahali zisipofikika kwa wepesi, na za utafiti zisiguswe kabisa.

Anayelipwa kwa sarafu ya kigeni ana jambo la ziada la kuwazia. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa imepanda hadi takriban Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Posho ya dola 500 iliyokuwa Sh80,000 ikawa Sh65,000 bila mfadhili kupunguza hata senti moja. Bajeti yenye busara hutumia kiwango cha chini, na kinachozidi huwekwa akiba.

Kuna pia suala la jamaa. Mtu anayesomea shahada ya pili huonekana kuwa amejiweza, na harambee, matibabu na karo za wadogo zake humfuata. Si desturi njema kuyakwepa majukumu hayo, lakini ni bora kuyatengea kiasi maalumu na kuieleza familia mapema kuwa kwa miaka miwili mkono utakuwa mfupi. Ukweli uliosemwa mwanzoni huvunja lawama za baadaye.

Daftari la mapato na matumizi lina faida nyingine ambayo wengi hawaitambui: ni shule ya kuandika maombi ya ufadhili. Wafadhili hutaka bajeti yenye maelezo ya kila shilingi. Anayeandika ‘usafiri, Sh30,000’ huwaachia wasomaji wake mashaka. Anayeandika kuwa atasafiri kwenda Kajiado mara sita, kwa nauli ya kiasi fulani, akilala siku mbili kila safari ili kuwahoji watu kadhaa, huonyesha kuwa anaijua kazi anayoiomba. Mali bila daftari huisha bila habari, na ombi lisilo na hesabu hutupwa bila habari vilevile.

Mambo ya kuzingatia

Kwa muhtasari, mkazi wa Riruta au kwingineko anayekusudia kuendelea na masomo anaweza kufuata utaratibu huu:

• Aandike gharama ya shahada nzima, ukiwemo muhula mmoja wa ziada, kabla ya kulipa karo ya kwanza.

• Atenge fedha za utafiti na uchapishaji tangu mwanzo, au aanze kuziombea ufadhili katika muhula wa kwanza.

• Atafute msimamizi mwenye mradi kabla ya kuiganda mada.

• Atengeneze kalenda ya makataa ya ufadhili ya miezi 18 mbele.

• Alipe au apange upya deni la HELB, na ajiunge na chama cha akiba mapema.

• Auepuke mkopo wa simu kwa gharama yoyote itakayochukua zaidi ya mwezi mmoja kulipwa.

• Asimlipe mtu yeyote ili apewe ufadhili.

Baada ya hesabu hizi, wapo watakaoona kuwa wakati wao haujafika. Hilo si kushindwa. Mwalimu yule wa Satellite akiahirisha masomo kwa mwaka mmoja na kuutumia kuweka akiba, kulipa deni na kuzungumza na wasimamizi, ataingia darasani akiwa amechelewa kwa miezi 12. Mwenzake aliyeingia kwa pupa huenda akawa mbele yake siku ya kusajiliwa, lakini majina yanayosomwa siku ya mahafali ni ya waliomaliza.